Si Kila Cheupe ni Wanga

Mpenzi msomaji, ukitaka kujua watu wa Mji wa Kale wanaogopa nini mwaka huu, shika Ndia Kuu (ndia ni njia, kwa nyinyi wenzetu mliotoka bara) kutokea Ngomeni baada ya alasiri, uende polepole huku umetega sikio mabarazani. Hapo kale ungesikia mpira na siasa. Siku hizi gumzo ni moja: sukari ya fulani imefika ngapi, na fulani kaacha kula nini. Huyu kaacha mahamri, yule kaacha wali, mwingine ameapa kwamba mkate hautapita kooni mwake mpaka aingie kaburini. Neno lililotia fora ni hilo, "kuacha wanga".

Nami nimeona heri niseme langu, maana katika kuacha huko naona kuna kitu kinachotupwa pamoja na maganda, nacho ni mifupa yetu.

Kwanza tuondoane shaka. Sina ugomvi hata chembe na anayepunguza wanga. Sisi watu wa pwani tumejaaliwa mapishi, na mapishi yenyewe ni wanga juu ya wanga: asubuhi mahamri kwa mbaazi, saa nne viazi vya karai, mchana wali wa nazi, alasiri kaimati ama mkate wa sinia, usiku chapati. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga wa gramu 45 hivi, na ni nani katika sisi aliyewahi kutosheka na kikombe kimoja? Mwenye kisukari cha ukubwani akiupunguza, sukari ya damu hushuka, na uzito pia. Hilo madaktari wenyewe wanalikubali. Ila anayedungwa insulini au kumeza vidonge vya sukari asijipunguzie kichwakichwa kabla hajamwona daktari wake, kwani dawa ile ile na chakula kimepungua, sukari yaweza kuporomoka akaanguka chini.

Taabu huanzia kwenye lugha, na hapo ndipo Chama chetu cha Kiswahili kinapohusika. Khalati yangu, mama wa miaka 58 anayekaa kichochoro kimoja nyuma ya Ndia Kuu, alikwenda kliniki (jina nitalihifadhi) akapewa karatasi ya mambo ya kula na kutokula. Karatasi nzima Kiingereza! Aliyejitolea kumtafsiria pale mlangoni akamwambia, "Mama, uache wanga." Khalati akahamaki. "Mimi niache wanga? Kwani ni nani kakwambia mimi naroga watu?" Maana kwetu, ndugu msomaji, wanga pia ni wale wanaozunguka makaburini usiku wa manane. Watu walicheka mpaka machozi. Kicheko kilipokwisha, akaelezwa kwa mkato, "Acha vyeupe vyote, mama: sukari, unga, wali, mkate."

Naam, hapo khalati alielewa, tena alielewa kupita kiasi. Alirudi nyumbani akaacha vyeupe vyote kwelikweli. Maziwa akayaacha. Mtindi ukafuata. Chai yake ikawa ya rangi, ile tuiitayo sturungi. Lakini tui la nazi, ambalo ni jeupe kama pamba, halikuguswa, kwa hoja kwamba lile ni mafuta.

Sasa tazama mambo yalivyogeuka juu chini. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe kina wanga wa gramu 12 tu, yaani kama robo ya ule wa kikombe cha wali, na ndani yake mna kalsiamu miligramu 300 hivi. Tui la nazi, kwa utamu wake wote, halina kalsiamu ya kuhesabika. Kwa hiyo khalati alimfukuza rafiki akambakisha jirani asiyemfaa kwa jambo hili, na shahidi wake ni rangi. Wala asilaumiwe peke yake. Huko London mwaka 1863 bwana mmoja aitwaye William Banting alichapisha kijitabu juu ya alivyopunguza unene, na miongoni mwa vitu alivyokatazwa, pamoja na mkate, sukari na viazi, yalikuwamo maziwa. Kosa hili lina mvi.

Kalsiamu yenyewe ni nini? Ni madini yale tunayofundishwa darasani kwa jina la madini ya chokaa, na jina hilo lafaa sana kwa mtoto wa Mji wa Kale. Zitazame nyumba zetu kongwe. Ukuta ni mawe ya matumbawe, na kilichoyashika ni chokaa. Juu zimelazwa boriti za mikoko. Boriti zikiwa nzima na chokaa imekwisha, nyumba husimama kwa mazoea tu, na siku ya mvua kubwa utasikia kishindo. Mfupa nao una uzi wake wa protini unaopinda bila kukatika, kama boriti, na una madini yanayoufanya mgumu, kama chokaa. Kalsiamu yote ya mwili, kiasi cha asilimia 99 imo katika mifupa na meno. Ile iliyobaki imo damuni na katika misuli, nayo ndiyo inayouwezesha moyo kupiga. Kwa kuwa moyo haungoji, chakula kisipoleta kalsiamu ya kutosha, mwili huenda kubandua ukutani. Hubandua leo kidogo, kesho kidogo, na mwenye nyumba hana habari.

Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi ni miligramu 1,000 kwa siku kwa mtu mzima, 1,200 kwa mwanamke aliyepita miaka 50, na 1,300 kwa sisi wa miaka 9 hadi 18. Ndiyo, umesoma sawasawa: sisi tunahitaji kuliko nyanya zetu.

Niliketi na khalati siku moja, kalamu mkononi, tukahesabu chakula chake cha kutwa. Asubuhi mayai mawili na sturungi: kalsiamu kama 50. Mchana nyama ya kukaanga, haizidi 20, na mchicha wa nazi. Usiku kipande cha samaki wa kupaka, mfupa umetolewa, tuseme 40, na kachumbari kidogo. Mchicha ndio uliotaka kutuokoa, kwani gramu 100 zina miligramu zipatazo 200. Bali mchicha una tindikali iitwayo oksaleti ambayo hukamatana na kalsiamu ile ile tumboni, na sehemu kubwa ikatoka kama ilivyoingia. Kwa ukarimu wote tulioufanya hatukufika 400. Kwa mtu wa kudaiwa 1,200!

Miezi michache kabla ya hesabu hiyo, alikuwa ameteleza kwenye kizingiti cha mlango wake mwenyewe, akajikinga kwa kiganja, kifundo cha mkono kikavunjika. Mtelezo wa kawaida ambao mimi na wewe tungeinuka tukijipangusa vumbi. Sisemi kwamba maziwa aliyoyaacha kwa miaka miwili ndiyo yaliyomvunja, la hasha. Mifupa ya mwanamke hukonda baada ya hedhi kukoma, na kisukari chenyewe huiongezea hatari ya kuvunjika. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye hatari mbili tayari hakuwa na haja ya kutiwa ya tatu na karatasi isiyosomeka.

Wapo wanaodai kwamba chakula cha wanga kidogo ni sumu ya mfupa moja kwa moja. Hao nao wanavuka mpaka, na jibu lao liko hapa hapa Kenya. Mwaka 1931 John Boyd Orr na J. L. Gilks walichapisha utafiti waliolinganisha ndani yake Wamaasai na Wakikuyu wa enzi ile. Wamaasai walikula maziwa, nyama na damu, karibu bila nafaka. Wakikuyu walikula mahindi, mtama, viazi vitamu na mboga. Watafiti waliwakuta wanaume wa Kimaasai warefu zaidi na wenye nguvu zaidi, na upande wa pili meno mabovu na kasoro za mifupa zikiwa nyingi zaidi. Wasomi wa baadaye wameukosoa utafiti huo, hasa jinsi wakoloni walivyopenda kupanga makabila kama vitu vya dukani, kwa hivyo tusiumeze mzimamzima. (Orr huyo ndiye aliyekuja kuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.) Hata hivyo jambo moja laonekana bila darubini: Mmaasai aliishi bila wanga mwingi na mifupa ikasimama, kwa sababu nguzo ya chakula chake ilikuwa maziwa. Sisi wa Mji wa Kale tunataka kumwiga katika kuacha ugali, kisha tunaacha na kibuyu pia. Tutasimamia nini?

Basi mtu afanyeje? Ukisoma vitabu vya ng'ambo utaambiwa ule jibini, lozi na samaki wa makopo wa bei ya dhahabu. Lozi kwetu huonekana juu ya biriani ya harusi, tena zimehesabiwa. Nani wa Ndia Kuu atakayezila kila siku kama karanga? Mimi nasema tuanze na vilivyo mlangoni.

Maziwa yarudi mezani, bila sukari. Vikombe viwili kwa siku vina wanga wa gramu 24 na kalsiamu ya 600, nusu ya deni la khalati limelipwa. Wengi wetu tumbo hunguruma tukinywa maziwa mabichi ya moto au baridi, maana wakubwa wengi wa Kiafrika na Kiarabu hawana uwezo mzuri wa kumeng'enya sukari yake. Hao wachukue maziwa lala au mtindi. Wadudu wa mgando wameshaila sehemu ya sukari hiyo, na kalsiamu iko pale pale. Ila mtindi wa vikopo ulioandikwa jina la matunda usome kwanza: mwingi umetiwa sukari.

Cha pili ni dagaa. Hapa najua nitachekwa. Nenda Marikiti ukaulize, utaonyeshwa lundo, wa bahari yetu na omena wa Ziwa Victoria, na mama wa Mji wa Kale atapita pua juu akatafute nguru. Lakini nguru humla nyama ukatupa mfupa. Dagaa humla yeye mzima, na mfupa wake ndio kalsiamu yenyewe. Gramu 100 za samaki wadogo wa makopo wanaoliwa na mifupa yao hutoa miligramu zipatazo 380, na dagaa wakavu hupita hapo kwa kipimo hicho hicho cha uzito. Wanga wake sufuri. Waroweke, uwaoshe mchanga na chumvi, uwakaange kwa kitunguu, tungule na ndimu, au uwatie hilo tui lako unalolipenda. Chumvi ya vyakula vya kukaushwa na ya achari isizidi, maana chumvi nyingi huisukuma kalsiamu itoke kwa mkojo.

Tatu, sukuma wiki. Najua tunaiita mboga ya bara na kuikunjia uso. Walakini yeye hana oksaleti nyingi kama mchicha, na kalsiamu yake mwili huifyonza vyema. Mchicha usiachwe, una faida nyingine. Tusiupe tu kazi asiyoiweza. Ufuta nao, ule usiokobolewa, kijiko kimoja cha mezani kina miligramu 80 na ushee, ingawa si zote zitakazofyonzwa. Unyunyize juu ya mboga. Ukiula katika kashata, umeula pamoja na sukari ya wiki nzima.

Wimbi ni kisa cha kusikitisha. Katika nafaka zetu hakuna inayoukaribia kwa kalsiamu: zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100 za unga. Kisha gramu hizo hizo 100 zina wanga wa gramu 70 hivi. Mwenye sukari anayeacha uji wa wimbi ana sababu, ila ajue alichoacha, akirudishe kwa mlango mwingine. Sisi tusio na sukari hatuna sababu yoyote ya kuuacha.

Sasa yale ya mabarazani. Mzee mmoja alinikatiza nikieleza haya: "Maziwa ya nini? Kunywa supu ya makongoro, mfupa hujenga mfupa." Supu ni tamu, nami ni mshabiki wake. Lakini kalsiamu ya mfupa haiachii kirahisi kwenye maji. Kikombe cha supu hutoa kiasi kidogo mno, hata ichemke kutwa. Ukitaka kalsiamu ya mfupa lazima uutafune mfupa wenyewe, na mfupa wa ng'ombe si dagaa. Bibi mwingine, mato yamemchangamka, akaniambia yeye hana wasiwasi kwani anakula tambuu kila siku, na tambuu ina chokaa. Wallahi nilishindwa kujibu papo hapo, maana chokaa ile kweli ina kalsiamu! Jibu lipo kwenye popoo. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilishaiweka popoo katika orodha ya visababishi vya saratani, hata bila tumbaku. Hiyo ni chokaa ya kununua kwa bei ya kinywa.

Kalsiamu pia haiingii mwilini bila mfungua mlango, naye ni vitamini D. Hii ngozi huitengeneza kwa jua. Mtu angedhani Mombasa, mji wa jua la kupasua kichwa, jambo hili si hoja. Haya, hebu hesabu. Vichochoro vyetu vilijengwa vyembamba makusudi ili jua lisitufikie. Wanawake wetu wakitoka wamejisitiri kwa buibui, wakirudi wako ndani. Na ngozi nyeusi huhitaji jua kwa muda mrefu zaidi kuliko nyeupe. Simwambii mtu avue buibui njiani, Mungu apishe mbali. Nasema nyumba zetu zina uwa na nyingine zina dari la juu, na kuanika nguo mikono ikiwa wazi mbele ya jua ni ibada ndogo kwa mifupa. Samaki wa mafuta kama dagaa na jodari, na kiini cha yai, navyo vina vitamini hiyo.

Nimewaacha wenzangu mwisho, nanyi ndio niliokusudia tangu mwanzo. Kuna wasichana humu shuleni, na wavulana wawili watatu wa mazoezi ya misuli, walioacha wanga si kwa sukari bali kwa picha walizoziona kwenye simu. Asubuhi hawanywi uji, mchana husukuma ugali pembeni, na maziwa hawayaoni kwa kuwa "yananenepesha". Hawa wananitia hofu kuliko khalati. Kiasi cha asilimia 90 ya mfupa wa mtu huwa umeshajengwa anapofika miaka 18 kwa msichana na 20 kwa mvulana. Khalati analinda ukuta uliokwisha kusimama. Ninyi mafundi bado wako juu ya jukwaa, nanyi mnawazuilia chokaa! Tena wanariadha nao wamepimwa. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti wa watembeaji wa mashindano waliokula chakula cha wanga kidogo sana kwa majuma matatu na nusu. Damu yao ilionyesha dalili za kubomolewa kwa mfupa zikipanda na za kujengwa zikishuka. Waliporudishiwa wanga, baadhi tu ya dalili hizo zilitengenea. Ni muda mfupi na watu wachache, sawa, lakini kwa mtoto wa miaka 16 asiye na ugonjwa wowote, kwa nini kuucheza mchezo huo?

Kwa hayo naiomba kantini yetu. Leo inauza soda, maandazi na viazi. Ikiweka mtindi usio na sukari na mayai ya kuchemsha, nina hakika havitalala. Walimu wa sayansi watusaidie kupima ugali wa kutosha ni upi, tusije tukatoka shimo la kushoto tukaingia la kulia.

Na Chama chetu nacho kina kazi. Nimependekeza katika mkutano kwamba tuichukue ile karatasi ya kliniki, tuitafsiri kwa Kiswahili kinachoeleweka Mji wa Kale, kisha muuguzi aikague kabla haijatoka. Mjadala mkali ulikuwa juu ya neno lenyewe. Wengine walitaka "kabohaidreti", wengine wakasema bora "wanga" libaki. Mimi nilisema liandikwe "vyakula vya unga na sukari", kisha chini yake, kwa herufi kubwa, MAZIWA HAYAMO. Kura zilinipita kwa moja, lakini mstari wa maziwa umekubaliwa na wote.

Khalati ameurudia mtindi, vikombe viwili, asubuhi na kabla ya kulala, na sukari yake haijapanda kwa ajili hiyo. Sukuma wiki anaila akinung'unika. Dagaa ndio tumeshindwana. "Hicho si chakula cha watu, mwanangu," asema, "ni cha paka." Nikamwambia awatazame paka wa Ndia Kuu wanavyoruka kutoka paa hadi paa. Hajanijibu bado.